Kamusi Aliyoiacha Krapf

Kila mwaka wanafunzi hunijia ofisini na matokeo mabaya ya mtihani, wakidhani safari imekwisha. Mimi huwasimulia maisha ya Johann Ludwig Krapf.

Mjerumani huyu, aliyezaliwa mwaka 1810, alifungiwa njia ya kurudi Shewa, huko Uhabeshi, ndipo akafika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo, naye mwenyewe akiugua homa, alifiwa na mkewe Rosine na binti yao mchanga. Hata hivyo alibaki, akajifunza Kiswahili, na mwaka 1850 sarufi yake ikachapishwa. Aliposema ameona theluji kwenye Mlima Kenya, wapo wataalamu wa Ulaya waliompinga. Mwaka 1853 afya mbovu ilimlazimu kuondoka. Alifariki mwaka 1881; kamusi yake ya Kiswahili ikatoka London mwaka 1882. Hakuishika mkononi.

Siwaambii vijana kwamba msiba ni neema. Aliyezika mwana hawezi kuambiwa hivyo. Nawaambia tu kwamba njia iliyofungwa Shewa ndiyo iliyomleta pwani yetu, na kwamba kamusi ambayo mwenyewe hakuiona, sisi wanaisimu tungali tunaifunua.