Ibn Sina na tumbo lililomshinda

Kama tumbo lako hujaa gesi na kusokota, leo unaharisha kesho choo kimefunga, na vipimo vya hospitali havionyeshi kidonda wala minyoo, huenda umeshanunua chupa ya mitishamba pale Ngamiani, Tanga. Kabla hujainywa au kumpa mwanao, mfahamu tabibu aliyeumwa tumbo hadi kufa.

Ibn Sina alizaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara. Akiwa na miaka 10 alikwishahifadhi Kurani, na alipokuwa bado kijana alimtibu mtawala wa mji, akaruhusiwa kusoma katika maktaba yake. Kitabu chake cha tiba, Qanun, kilifundishwa hata Ulaya kwa karne kadhaa.

Humo aliweka masharti ya kuijaribu dawa, na hapo ndipo ninapompendea. Dawa iwe haikuchanganywa na kitu. Ijaribiwe kwa mwenye ugonjwa mmoja, si mwenye maradhi matatu. Na isaidie tena na tena, maana mara moja yaweza kuwa bahati. Kwa tumbo la namna hii sharti hilo ni zito, kwani huchafuka na kutulia lenyewe, na wengi hupata nafuu hata wakipewa kidonge kitupu. Ndiyo maana watafiti wa leo hugawa wagonjwa makundi mawili, moja likapewa dawa, jingine kidonge kitupu, na mgonjwa hajui kapata kipi. Mafuta ya mnanaa yamejaribiwa hivyo na kuonyesha nafuu kiasi. Michanganyiko mingi ya chupani haijajaribiwa.

Uzeeni, akiwa safarini na jeshi la mtawala wa Isfahan, Ibn Sina alishikwa na msokoto mkali. Kwa haraka ya kupona alijitia dawa kwa njia ya haja kubwa mara 8 kwa siku moja, utumbo ukachubuka. Akaagiza mbegu kidogo za seleri, mmea wa jamii ya giligilani. Aliyezipima akatia karibu mara 15 ya kipimo. Mwanafunzi wake aliyeandika habari hizi hakujua kama ilikuwa makosa au kusudi. Tena watumishi waliomwibia wakamzidishia afyuni. Alipata nafuu, ugonjwa ukarudi, akafa Hamadan mwaka 1037.

Chupa yako ina majani gani, na kipimo cha mtoto ni kijiko kipi? Muulize muuzaji. Ukiona damu chooni, homa au mtoto anakonda, usisubiri: nenda Bombo, na chupa uibebe.