Job Bwayo: Msomi aliyesaka chanjo ya Ukimwi

MAJAMBAZI walipolivamia gari lake na kumuua kwa risasi Februari 4, 2007, Profesa Job Bwayo alikuwa hajakipata alichokisaka kwa miaka mingi: chanjo ya kuzuia Ukimwi.

Bwayo, aliyekuwa mhadhiri wa mikrobiolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alijulikana kwanza kwa utafiti wake kuhusu madereva wa matrela katika barabara kuu itokayo Mombasa.

Hata hivyo, ni mtaa wa Majengo, Pumwani, ulioipa kazi yake mwelekeo mpya. Katika kliniki iliyoanza kuwahudumia wanawake wa biashara ya ngono mwaka 1985, watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi na Manitoba, Canada, waligundua jambo la ajabu. Baadhi ya wanawake hao hawakuambukizwa virusi, ingawa walikutana navyo mara kwa mara.

Damu ya baadhi yao ilikuwa na seli za kinga zilizoweza kuzitambua na kuziua seli zilizovamiwa na virusi. Bwayo na wenzake, wakishirikiana na wanasayansi wa Oxford, Uingereza, walitaka kujua iwapo chanjo ingeweza kuzalisha kinga kama hiyo.

Ushirikiano huo ulikumbwa na mzozo. Wasomi wa Kenya walilalamika kwamba waliachwa nje ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ilhali damu iliyochochea utafiti ilitoka Pumwani. Hatimaye ilikubaliwa kuwa wao pia washirikishwe katika umiliki.

Mapema mwaka 2001, kituo cha KAVI alichokiongoza Bwayo kilianza majaribio kwa watu 18 wenye afya waliojitolea. Chanjo hiyo ililenga aina A ya virusi, iliyoenea zaidi nchini, na haikuwa na virusi vya Ukimwi ndani yake.

Damu ya waliochanjwa ilipimwa mara kwa mara. Vipimo vya kemikali vilionyesha iwapo ini na figo zilikuwa salama. Vingine vilihesabu seli zinazotoa intaferoni, protini inayoashiria kwamba kinga imeamka.

Chanjo ilionekana kuwa salama, lakini kinga iliyozalishwa ilikuwa hafifu na ya wachache. Mwaka 2004, shirika la kimataifa la IAVI lililofadhili kazi hiyo liliamua kutoiendeleza.

Majengo nako kulikuwa na funzo chungu. Baadhi ya wanawake walioaminika kuwa na kinga waliambukizwa baada ya kupumzika kwa muda kutoka kwa biashara hiyo.

Chanjo ya Ukimwi haijapatikana hadi leo. Lakini maabara aliyoyajenga Bwayo na watafiti aliowalea waliendeleza majaribio mengine, nao wanawake wa Majengo wakabaki katika historia ya sayansi.