Joseph Priestley: Aliyeiona oksijeni asiitambue

MWANAFUNZI wa shule ya upili katika eneo la Chala, Kaunti ya Taita Taveta, anapodurusu jinsi ya kutambua gesi, hutumbukiza kijiti chenye kaa katika neli ya majaribio. Kijiti kikiwaka upya, gesi hiyo ni oksijeni. Miongoni mwa waliolipa jaribio hilo msingi ni Joseph Priestley, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1733.

Priestley alikuwa mhubiri na mwalimu. Alipohamia mjini Leeds mnamo 1767, aliishi jirani na kiwanda cha pombe, akaanza kuchunguza hewa iliyotanda juu ya mapipa. Hewa hiyo, kaboni dayoksaidi, ilizima moto. Aliichanganya na maji, na mnamo 1772 akachapisha maelezo ya kutengeneza maji ya soda.

Baadaye alikusanya gesi juu ya zebaki badala ya maji. Hivyo alinasa zile zinazoyeyuka upesi majini, ikiwemo amonia.

Agosti 1, 1774, alitumia lenzi kuelekeza miale ya jua kwenye oksidi nyekundu ya zebaki. Gesi iliyotoka iliufanya mshumaa uwake kwa mwali mkali ajabu.

Hapo ndipo alipoteleza. Wanasayansi wengi wa enzi hiyo waliamini kuwa kila kinachoungua hutoa kitu kiitwacho flojistoni. Naye alishikilia kuwa amepata hewa isiyo na flojistoni. Oktoba mwaka huo alimsimulia Mfaransa Antoine Lavoisier majaribio yake jijini Paris. Ni Lavoisier aliyekuja kueleza kwamba kitu kinapoungua huungana na gesi hiyo, akaiita oksijeni.

Mnamo Julai 1791, umati uliochukizwa na imani yake na jinsi alivyounga mkono mapinduzi ya Ufaransa uliharibu nyumba na maabara yake karibu na Birmingham. Alihamia Marekani mnamo 1794, akafariki huko Februari 6, 1804, akingali anatetea flojistoni.

Katika mtihani wa KCSE wa kemia kwa vitendo, mtahiniwa hutuzwa alama za alichokiona kando na za hitimisho lake. Hitimisho la Priestley lilitupwa zamani; alichokiona kingali kinafundishwa. Kwa hivyo, mtahiniwa na aandike kwanza kwamba kijiti kimewaka upya, ndipo aitaje oksijeni.