Claude Montal, fundi wa piano asiyeona

Msikilizaji, piano ina nyuzi za chuma zaidi ya 200, na sikio ndilo linalotambua ipi imelegea. Claude Montal, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1800 na kupofuka utotoni, aliligundua hilo shuleni Paris.

Yeye na mwenzake asiyeona walianza kukaza nyuzi wenyewe. Fundi wa shule, mwenye macho, akalalamika, wakakatazwa. Wakapata piano kuukuu, wakaifungua kwa kupapasa, wakaitengeneza. Hapo ndipo walipokabidhiwa piano za shule.

Mtaani kulikuwa kugumu zaidi. Alipotoka shuleni mwaka 1830, nani angemwachia asiyeona chombo cha bei vile? Mpaka mwalimu mmoja wa muziki alipompa piano mbili zilizogoma kulingana sauti, naye akazilinganisha. Wateja wakaanza kuja. Alifariki 1865.