Mtwa Mkwawa na Fundisho Alilotuachia

Kutoka Mlandege hadi Kalenga si safari ndefu, yapata kilomita 15 tu. Huko ndiko ilikokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa wa Uhehe, na huko ndiko linakohifadhiwa fuvu lake. Jina lake tunalitamka kila siku, nalo limepewa hata chuo kikuu hapa Iringa. Lakini yafaa tuyatazame maisha yake yote, ushujaa na kasoro pamoja, kwa maana sifa tupu hazimfundishi mtu.

Mkwawa alizaliwa Luhota karibu na mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyeziunganisha koo za Uhehe zikawa dola moja. Munyigumba alipofariki mwaka 1879 uliingia ugomvi wa urithi. Mwamubambe akautwaa utawala kwa nguvu, na Mkwawa akakimbilia Ugogo. Baadaye alirudi, akamshinda adui yake, akakitwaa kiti cha baba yake.

Chini yake dola ilizidi kukua. Aliteka mifugo na watu wa majirani, alitoza ushuru misafara ya biashara, na akajenga Kalenga ukuta mkubwa wa mawe. Ndipo walipokuja Wajerumani. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Emil von Zelewski kiliviziwa Lugalo. Kwa muda mfupi, wapiganaji wa Kihehe, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao, waliwaua Wazungu 10, Zelewski akiwa mmoja wao, na askari wapatao 250, wakateka bunduki zipatazo 300. Ulaya nzima ilisikia habari hiyo.

Wajerumani walirudi na mizinga chini ya Gavana von Schele, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Mkwawa hakusalimu amri. Kwa karibu miaka minne alipigana vita vya msituni, akifichwa na kulishwa na watu wake. Aliwekewa zawadi ya rupia 5,000, lakini hakuuzwa. Mwezi Desemba 1896 Wajerumani walimtawaza ndugu yake Mpangile. Baada ya miezi michache wakamnyonga kwa shaka ya kumsaidia kaka yake. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, akiwa mgonjwa na amezingirwa, Mkwawa alijiua kwa bunduki ili asikamatwe. Kichwa chake kikakatwa.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliamuru fuvu lake lirudishwe, lakini lilikuja kurejeshwa mwaka 1954 tu, Gavana Twining alipolichagua katika jumba la makumbusho la Bremen na kumkabidhi mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania.

Sasa twauliza: je, mtu shujaa namna hii alishindwa kwa nini? Mizinga ni sehemu moja tu ya jibu. Sehemu ya pili ni kwamba majirani hawakuwa upande wake. Wasangu, waliokuwa wamefukuzwa Utengule na Wahehe, walijiunga na Wajerumani, na Merere akarudishwa katika nchi yake kwa mkono wao. Aliyenyang'anywa ng'ombe jana hakuona sababu ya kumfia mnyang'anyi leo. Mgeni hakuuleta ugomvi huo, aliukuta, akautumia.

Hatusemi haya kumshusha Mtwa. Tunayasema kwa sababu Mlandege ya leo inakaa Mhehe, Msangu, Mbena, Mkinga na Mgogo, wakifanya kazi pamoja na kuuziana sokoni. Umoja huo Mkwawa hakuupata alipouhitaji. Basi tumwenzi kwa ushujaa wake, wala tusisahau kwamba anayemdhulumu jirani yake huwaandalia njia adui zake.