PAUL BRYANT: KOCHA ALIYEANZA KWA KUCHAPWA

Hapa kwetu Eastlands kila mtu ni kocha. Timu ikifungwa mara tatu mfululizo, kutoka Kaloleni hadi Kayole utasikia ati mwalimu mpya hafai, afukuzwe. Basi hebu nikusimulie maisha ya mtu aliyepitia hayo, kisha uamue mwenyewe.

Paul William Bryant alizaliwa tarehe 11 Septemba 1913 huko Moro Bottom, jimbo la Arkansas, Marekani. Alikuwa mtoto wa kumi na moja kati ya kumi na wawili wa wakulima maskini. Baba yake alikuwa mgonjwa, kwa hivyo mama ndiye aliyebeba mzigo wa nyumba. Alipokuwa na miaka 13, Paul alikubali kupigana mieleka na dubu kwa ahadi ya kulipwa. Mwenye dubu alitoroka bila kumpa hata senti, lakini jina la Bear, yaani Dubu, likamganda mpaka kufa.

Mpira wa Wamarekani si huu wetu. Wao huubeba mikononi, una umbo la yai, na wachezaji huvaa kofia ngumu. Timu za vyuo vikuu hushabikiwa kama sisi tunavyoshabikia Gor Mahia na AFC Leopards. Bryant aliichezea Alabama, kisha akawa kocha mkuu wa Maryland mwaka 1945, halafu Kentucky.

Mwaka 1954 alichukua timu ya Texas A&M. Kabla ya msimu kuanza, aliwapakia vijana katika mabasi mawili hadi Junction, mji mdogo uliokumbwa na ukame. Siku kumi walifanya mazoezi kwenye jua kali, juu ya mawe na miiba, bila ruhusa ya kunywa maji uwanjani. Wengi walitoroka. Mmoja alizidiwa na joto, nusura afe. Waliobaki walitosha basi moja tu.

Je, walishinda? Wapi! Katika mechi kumi walipoteza tisa. Waliyempiga ni Georgia peke yake, 6-0. Katika miaka 38 ya ukocha wa Bryant, huo ndio msimu pekee ambao alishindwa mara nyingi kuliko kushinda.

Hata hivyo hakufutwa. Mwaka 1955 timu ilishinda saba, ikapoteza mbili na kutoka sare moja. Mwaka 1956 haikushindwa hata mara moja, ikawa bingwa wa ligi yake ya Southwest. Gene Stallings na Jack Pardee, waliovumilia Junction, walikuwamo.

Mwaka 1958 Bryant alirudi Alabama. Huko alitwaa ubingwa wa taifa mara sita. Kwa miaka mingi timu hiyo ilikuwa ya wazungu watupu. Ni mwaka 1971 ambapo John Mitchell na Wilbur Jackson, vijana weusi, waliichezea. Bryant alistaafu mwishoni mwa 1982 akiwa na ushindi 323, akafariki tarehe 26 Januari 1983, hata mwezi haujaisha tangu mechi yake ya mwisho.

Wengi husema mateso ya Junction ndiyo yaliyoleta kombe la 1956. Mimi nakataa. John David Crow, nyota wa timu hiyo, hakukanyaga Junction. Mwaka 1954 ndipo alipokuwa anaingia chuoni. Na kumnyima mtu maji kwenye joto hakumkomazi, kunaweza kumuua. Kilicholeta kombe ni kwamba vijana walikaa pamoja, chini ya kocha mmoja, wakakua.

Wahenga walinena, mvumilivu hula mbivu. Kwa hivyo wanafunzi wenzangu, timu yetu ikichapwa chini ya kocha mgeni, tumpe muda. Nanyi walimu wetu wa michezo, tufundisheni kwa bidii, hata mtukimbize mpaka tuchoke. Lakini mtungi wa maji ukae kando ya uwanja.