Fridtjof Nansen: karatasi bila posho haitoshi

Leo hatutazungumuza juu ya mushahara. Tunataka kuwasimulia maisha ya muzungu mumoja wa Norvège, aliyekufa zamani, mwaka wa 1930. Mutauliza: huyu anatuhusu nini? Anatuhusu. Mu mwaka wa 2017 ndugu zetu wengi wa upande wa Pweto na Moba walikimbia vita, wakavuka mupaka, wakaingia Zambia. Kuko wenzetu ku kazi ambao wako na dada ao mujomba aliyefikia kule. Wanajua kwamba mukimbizi anafika na maulizo mawili. La kwanza: nani atanipa karatasi? La pili: nani atalipa unga? Nansen alipigana na maulizo yote mawili. La kwanza alilishinda. La pili lilimushinda mara nyingi.

Alizaliwa tarehe 10 mwezi wa kumi 1861, karibu na Christiania, muji ambao leo unaitwa Oslo. Alisoma elimu ya wanyama. Mu 1888, yeye na wenzake watano walivuka inchi ya barafu ya Groenland kwa miguu, wakivaa mbao za kuteleza. Walianzia upande wa mashariki, kule kuko watu wachache sana, kusudi wasipate njia ya kurudi nyuma. Mu 1893 aliondoka na chombo kilichoitwa Fram, akakiacha kishikwe na barafu ya kaskazini kabisa, juu alitaka kuona maji ya bahari yatakipeleka wapi. Watu walimucheka. Kisha akashuka na mwenzake mumoja, Johansen, wakatembea mpaka pahali ambapo hakuna mutu alikuwa amefika. Walipitisha musimu wa baridi mu kibanda cha mawe, wakila nyama ya dubu. Mu 1896 walirudi wazima, na wale waliobaki mu Fram vilevile. Watu 13 waliondoka, watu 13 walirudi. Kwa sisi tunaohesabu watu kila mara wanapotoka mu shimo, hesabu hiyo inasema mengi.

Jina lake likawa kubwa. Kisha Norvège kuachana na Suède mu 1905, inchi yake ilimutuma Londres kuwa balozi. Angeweza kuishia pale, na heshima yake yote. Lakini vita ya 1914-1918 ilimutoa ku vitabu vyake.

Kisha vita, mamia ya maelfu ya askari walikuwa wangali mu kifungo, wengine mbali mu Siberia. Vita ilikwisha lakini hakuna aliyewarudisha kwao. Mu 1920 Société des Nations, ile iliyotangulia ONU, ilimupa Nansen kazi hiyo, lakini haikumupa sanduku la pesa. Aliomba mikopo ku serikali moja moja, akatafuta vyombo, akapatana na watu wa Moscou ambao serikali nyingi zilikataa kuzungumuza nao. Mu miaka miwili, watu zaidi ya 400.000 walirudi kwao.

Kisha ikaja mwaka wa 1921, na njaa mbaya mu Urusi, kando ya muto Volga. Mu mwezi wa tisa Nansen alisimama ku Genève mbele ya wajumbe wa serikali, akaomba mukopo wa kununua unga. Aliwaonyesha kwamba nafaka iko, kwamba mu inchi zingine mahindi yanachomwa juu hakuna munuzi, na vyombo vimesimama bila kazi. Serikali zikakataa. Ziliogopa kwamba musaada utawatia nguvu wakomunisti waliotawala Urusi. Nansen aliondoka akatembea inchi kwa inchi, akionyesha picha za watoto wenye njaa, akikusanya pesa ya watu wa kawaida. Wamarekani pia walileta chakula kingi. Wengi waliokolewa, lakini mamilioni walikufa.

Mwaka ule ule alipewa mzigo wingine: Warusi zaidi ya milioni moja waliokimbia mapinduzi na vita ya ndani. Serikali mupya ya kwao iliwanyanganya uraia. Bila karatasi hawakuweza kuvuka mupaka, hawakuweza kutafuta kazi halali. Mu mwezi wa saba 1922, Nansen alikusanya serikali ku Genève, nazo zikakubali cheti cha kipekee. Watu walikiita pasipoti ya Nansen. Inchi zaidi ya 50 zilikipokea, na kuanzia 1924 Waarmenia nao walikipata. Mwaka ule wa 1922 alipewa zawadi ya Nobel ya amani, na pesa yake akaitoa ku kazi ya kusaidia.

Sasa tufike pahali penye shida. Serikali zilikubali karatasi juu karatasi haina bei kubwa. Ku posho, zilifunga mufuko. Société des Nations ililipa tu gharama ya biro ya Nansen: wakarani, barua, safari. Mukimbizi mwenyewe, chakula chake na nyumba yake, hakuna aliyewekwa kuvilipa. Basi mu 1926 wakapatana namna ingine: mukimbizi aliye na uwezo atalipa franka 5 za zahabu, apate timbri ya kubandika juu ya cheti chake. Asiye na kitu halipi. Ile pesa iliingia mu mufuko wa kusaidia wakimbizi wengine.

Sisi watu wa sendika tunaelewa timbri hiyo upesi, juu inafanana na mchango wetu wa kila mwezi. Tulikwisha kuona kampani moja ikifunga mulango bila kulipa wenzetu, na sisi wengine tukakata kiloko ku mushahara juu watoto wao wasilale njaa. Ulikuwa musaada wa kweli. Lakini haukufuta hata franka moja ya deni la mwenye kampani. Ni vile vile na timbri ya Nansen. Masikini alimusaidia masikini, ni vizuri, lakini serikali zilikuwa zingali na deni.

Kwamba serikali zinaweza, Ugiriki ilionyesha. Mu 1922 na 1923, Wagiriki zaidi ya milioni moja walitoka Uturuki. Nansen aliunga mukono mapatano ya kubadilishana watu kwa lazima kati ya inchi hizi mbili, na wengi wanamulaumu kwa hiyo mpaka leo, juu watu hawakuulizwa. Lakini alisukuma pia jambo lingine: mukopo mukubwa. Mu 1924 Ugiriki ilipata pauni zaidi ya milioni 10, chini ya uangalizi wa Société des Nations. Pesa hiyo ilijenga nyumba, ilipima mashamba, ilinunua mbegu na ngombe. Mukimbizi aliacha kungojea sahani, akaanza kuvuna.

Kuanzia 1925, kazi ya kutafutia wakimbizi ajira iliwekwa ku BIT, biro ya kimataifa ya kazi, ile ile ambayo sisi tunataja wakati tunadai haki zetu. Warusi na Waarmenia wengi walipelekwa Ufaransa, mu mafabriki na mu migodi. Kwa hiyo ndugu zetu wa kazi hii walipatikana pia kati ya watu wa Nansen.

Miaka yake ya mwisho aliomba pesa ya kumwagilia mashamba mu Arménie, kusudi wakimbizi wakae kule. Serikali zilimusifu, lakini hazikulipa. Alikufa nyumbani kwake tarehe 13 mwezi wa tano 1930, na mashamba yale yalikuwa hayajapata mukopo.

Leo HCR inatoa kila mwaka zawadi yenye jina lake. Mu 2013 alipewa mwenzetu wa Congo, Masera Angélique Namaika wa Dungu, aliyesaidia wanawake waliokimbia LRA. Na tangu mwezi wa tatu 2022, inchi za Umoja wa Ulaya zinapokea watu wa Ukraine kwa ulinzi wa muda: wanapata karatasi, ruhusa ya kazi, pahali pa kulala, na pesa ya kuishi kutoka serikali. Ndiyo jambo Nansen aliomba miaka 100 iliyopita. Basi hakuna serikali inayoweza kusema haliwezekani.

Zambia iliwapa ndugu zetu wa Pweto na Moba ardhi ya kulima kule Mantapala. Tunaishukuru. Lakini hapa kwetu, familia zilizokimbia vita na kufikia mu makartie yetu zinaishi kwa sahani ya jirani. Tuendelee kugawana nao. Na siku mujumbe anapokuja kutuomba sauti, tumuulize mbele ya watu wote: mu bajeti ya Leta, posho yao imeandikwa ku musitari gani?